Kilo Moja ya Dawa kwa Gari Zima la Tope

Gari la kunyonya majitaka lenye tangi la lita 10,000 linapotoka Manzese au Tandale, Dar es Salaam, kuelekea mabwawa ya Vingunguti, kila anayepishana nalo huziba pua akiamini limejaa kinyesi. Mzigo wake mkubwa ni maji. Tope kinyesi linalotolewa kwenye vyoo vya shimo na makaro ya mijini kwa kawaida lina yabisi asilimia moja hadi tatu. Tukikadiria asilimia mbili, ndani ya tangi zima kuna kilo 200 hivi za uchafu wenyewe. Tani tisa na ushee zilizobaki ni maji yaliyonyonywa kwa mashine, yakachomewa dizeli, yakakaa kwenye foleni, na gharama yote hiyo ikaangukia kwa mwenye nyumba.

Tope la asilimia mbili likifikishwa asilimia nne, kwa macho bado ni uji mwepesi, hutaona tofauti. Lakini ujazo wake umeshapungua kwa nusu, kutoka lita 10,000 hadi 5,000. Likifikishwa asilimia 20, kiwango ambacho mashine ya kukamua ya mkanda inakiweza ikilishwa tope lililoandaliwa vizuri, kilichokuwa gari zima kinabaki tani moja: safari moja au mbili za kigari cha Kirikuu. Lita 9,000 zimeondoka. Hapo ndipo fedha ya usafi wa miji ilipolala, nami nasema bila kusita kwamba miji yetu imeitafuta mahali pengine kwa muda mrefu mno. Tumenunua magari, tumechimba mabwawa, tumeagiza mashine. Tope lenyewe, na kinacholifanya ling'ang'anie maji, hatujalisoma vya kutosha.

Kinacholing'ang'aniza ni kemia. Nazi iliyokunwa ukiitia kwenye kifumbu na kuikamua, tui linatoka na chicha inabaki. Nguvu za mikono zinatosha. Tope bichi halikubali hivyo. Ukilitia kwenye kitambaa cha kuchujia na kulibana, litafanya moja kati ya mambo mawili: litapenya lote pamoja na maji yake, au litaziba matundu ya kitambaa na maji yasitoke hata ukiongeza nguvu ya mashine mara kumi.

Sehemu kubwa ya uchafu ule ni chembe ndogo sana, nyingine zikiwa na upana wa elfu moja ya milimita. Chembe ya ukubwa huo, yenye uzito unaokaribiana na wa maji, ikiachwa izame yenyewe katika maji yaliyotulia, kushuka mita moja kunaweza kuichukua zaidi ya mwaka. Chembe hizo zina chaji hasi juu ya ngozi zao, na kwa kuwa zote zina chaji ya aina moja, zinasukumana. Hazigusani, hazishikani, hazizami. Juu ya hayo kuna ute. Bakteria wanaoishi ndani ya tope hujijengea utando wa protini na sukari ndefu, na utando huo hukumbatia maji kwa namna ambayo kubana peke yake hakuwezi kuyatoa.

Kazi ya dawa ni kuvunja ukaidi huo kabla mashine haijaguswa. Ya kwanza ni jamii ya chumvi za madini. Shabu, ileile ambayo mama zetu walikuwa wakiizungusha kwenye ndoo ya maji ya mto mpaka tope likatuama, ni chumvi ya aluminiamu. Kloridi ya chuma ni ndugu yake. Zote mbili zikiyeyuka hutoa ayoni zenye chaji chanya tatu, na wanakemia wanajua tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwamba ayoni za namna hiyo zina nguvu ya kugandisha mamia ya mara kuliko chumvi ya kawaida ya jikoni. Chaji chanya inapofuta chaji hasi, chembe zinaacha kusukumana na kuanza kugandana.

Chokaa inafuata. Watu wa mwambao tunaijua tangu enzi za tanuri za matumbawe, zilizojenga misikiti na majumba ya Lamu, Kilwa na Unguja. Katika tope kazi yake ni tofauti na ya ukutani. Inalipa tope mifupa, yaani chembe ngumu zinazoacha njia za maji kupita linapobanwa. Inapandisha pH hadi 12, na kwa kiwango hicho bakteria wengi wa magonjwa hawadumu. Lakini hutumika kwa wingi, robo ya uzito wa yabisi na wakati mwingine zaidi, kwa hiyo unaongeza mzigo uleule uliotaka kuupunguza. Pia hufukuza amonia kutoka kwenye tope, na mtu aliyesimama karibu na karo lililotiwa chokaa bila kitu cha kufunika pua atayakumbuka macho yake yalivyowasha.

Kisha kuna polima. Hizi ndizo zilizotawala viwanda vya kuchakata majitaka duniani kuanzia miaka ya 1950 na 1960. Ni molekuli ndefu mno, nyingi zikiwa za jamii ya poliakrilamaidi, zilizopachikwa chaji chanya njia nzima. Ncha moja hushika chembe hapa, katikati hushika nyingine, ncha ya pili hushika ya tatu, mpaka maelfu ya chembe yanakusanyika katika bonge moja. Ukubwa wa bonge ndio siri: kipenyo kikiongezeka mara 10, kasi ya kuzama huongezeka karibu mara 100. Katika mitambo ya majitaka kipimo cha kawaida ni kilo 2 hadi 10 za polima kwa tani moja ya yabisi kavu. Turudi kwenye gari letu lenye kilo 200 za yabisi. Kwa kipimo cha kilo 5 kwa tani, gari zima linahitaji kilo moja ya unga mweupe.

Inafaa kuona kwa karibu jinsi kipimo kinavyotafutwa, maana kila kitu kinasimama juu ya hatua hiyo. Fundi wa maabara huanza na unga. Huyeyusha gramu 1 hadi 5 katika lita moja ya maji safi, akiunyunyiza taratibu huku akikoroga, maana ukimwagwa kwa pupa hufanya mabonge ya ute ambayo hayayeyuki tena. Huuacha nusu saa hadi saa nzima ili minyororo ijikunjue. Maji yale sasa ni mazito na yanavutika kidoleni. Mezani kuna bika tano au sita za tope kutoka gari lilelile. Ya kwanza haitiwi kitu, ya pili inatiwa kidogo, ya tatu zaidi, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Fundi hukoroga kwa kasi kwa sekunde chache ili dawa ienee, kisha hupunguza mwendo mpaka panga la kukorogea linazunguka polepole.

Katika bika ya tatu au ya nne mambo hubadilika mbele ya macho. Weusi uliokuwa umetanda unaanza kukatikakatika. Vibonge vya milimita moja, mbili, tatu vinajitokeza, na katikati yake panaonekana maji: mwanzo ya kijivu, baadaye ya manjano yanayopitisha mwanga. Ukisimamisha mkorogo, vibonge vinashuka. Fundi anamimina yaliyomo juu ya kitambaa cha mashine, na maji yanapita kwa sauti, hayadondoki tone tone.

Kuna pia kipimo cha pili, rahisi na kizuri mno. Silinda ndogo ya chuma isiyo na kitako inasimamishwa juu ya karatasi nene ya kuchujia, tope linamiminwa ndani, na karatasi inaanza kunyonya maji. Duara la unyevu linapanuka. Likifika kwenye waya wa kwanza kati ya nyaya mbili zinazogusa karatasi, saa inaanza kuhesabu. Likifika waya wa pili inasimama. Tope gumu linaweza kuchukua dakika nyingi. Tope hilohilo lililopata dawa sahihi huchukua sekunde chache. Hakuna mjadala wala maoni. Ni namba ya sekunde.

Ile bika ya mwisho, iliyotiwa dawa nyingi kuliko zote, mara nyingi huwa mbaya kuliko ya nne. Dawa ikizidi, chembe zinavikwa chaji chanya kila upande na zinaanza kusukumana upya, safari hii kwa chaji nyingine. Polima iliyobaki huru inakwama kwenye kitambaa na kukifanya kinate. Ukikoroga kwa nguvu kupita kiasi, au ukitumia pampu yenye mapanga makali, vibonge vinavunjika na havirudi kama vilivyokuwa. Mtambo unaweza kununua polima bora kabisa na bado ukaiharibu ndani ya mita mbili za bomba.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani hawakufika hapa kwa wepesi. London ilikuwa na meli maalumu zilizobeba tope kutoka mitambo yake na kulimwaga kwenye mlango wa mto Thames, kuanzia 1887 hadi 1998, sheria ya Umoja wa Ulaya ilipokataza. New York ilifanya hivyo baharini hadi 1992. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett wa Manchester walitangaza njia mpya ya kusafisha majitaka kwa kupuliza hewa na kurudisha bakteria kwenye tangi, njia inayotumika hadi leo dunia nzima. Ilisafisha maji vizuri ajabu, na ikazaa tope laini la bakteria lililo gumu zaidi kukamuliwa kuliko lile la zamani. Mahitaji ya dawa yakakua kadiri mitambo hiyo ilivyoenea. Milango ya bahari ilipofungwa, hapakuwa na njia ila kukamua.

Sisi tuna ugumu ambao London haikuwa nao. Tope linalofika kwenye mtambo wao kwa bomba limechanganyika kutoka nyumba laki kadhaa. Leo linafanana na jana. Letu linakuja kwa magari, na kila gari ni tope jingine. Choo cha kulipia cha stendi hujaa kwa muda mfupi na tope lake hutolewa likiwa bichi: rangi ya kahawia, chumvi nyingi ya mkojo, ute mwingi. Karo la nyumba ya Mbezi lililokaa miaka mitano bila kunyonywa hutoa tope jeusi lililokwishaoza, jepesi zaidi kutengana na maji. Lile la shimo lina mchanga, vitambaa, mifuko ya plastiki. Dawa iliyopimwa kwa gari la saa mbili asubuhi inaweza kushindwa kwa gari la saa nne. Chumvi na amonia za mkojo huvuruga polima, na uwezo wa tope kupinga mabadiliko ya pH hula shabu na kloridi ya chuma kabla hazijagusa chembe.

Ndiyo maana utafiti uliofanyika Afrika katika miaka hii una thamani kubwa kwetu kuliko vitabu vya Ulaya. Huko Dakar, Senegali, watafiti walijaribu tope kinyesi halisi kwa polima za dukani na kwa dawa zinazoweza kutengenezwa nchini: mbegu za mlonge, mbono, na kaitosani, inayotokana na magamba ya kamba na kaa. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2016. Huko Lusaka, Zambia, wengine walitafuta njia ya kubashiri tabia ya tope la gari fulani kwa vipimo vya bei nafuu kama pH, chumvi na rangi yake, ili mtu wa getini ajue mapema atie dawa kiasi gani. Chuo Kikuu cha Makerere kilichanganya tope la mitaa ya Kampala na vumbi la mbao na vumbi la mkaa. Vitu hivyo si dawa za kugandisha. Kazi yake ni kuacha njia za maji ndani ya tope, kisha tope kavu linafaa zaidi kuwa kuni kwa sababu lina mkaa ndani yake.

Mlonge unastahili neno la ziada. Wanawake wa bonde la Nile nchini Sudan walitumia mbegu zake kusafisha maji ya mto, na mwanasayansi Samia Al Azharia Jahn akaitangaza elimu hiyo kuanzia miaka ya 1970. Ndani ya mbegu kuna protini ndogo zenye chaji chanya, zinazofanya kazi kwa mantiki ileile ya shabu. Mti wenyewe uko kwenye nyua zetu kuanzia Mtwara hadi Mombasa. Hata hivyo sitamwahidi mtu muujiza. Protini hiyo ni sehemu ndogo tu ya mbegu. Sehemu kubwa iliyobaki ni mafuta, wanga na protini nyingine, na kwa tope zito kama la choo unahitaji mbegu kwa wingi mkubwa sana, wakati kaitosani inatosha kwa kilo chache. Kabla ya kuotesha mashamba ya mlonge kwa ajili ya tope, mtu apige hesabu ya kilo, ghala na bei ya mbegu hizo sokoni zinapogombewa na wakamuaji wa mafuta. Mimi ningeanza na magamba. Palipo na kiwanda cha kusindika kamba, magamba ni taka inayonuka ambayo mwenyewe hana pa kuipeleka, ingawa kuyageuza kuwa kaitosani kunahitaji asidi, magadi makali na mafundi wanaojua wanachofanya.

Sasa tugeukie ardhi, maana kwetu dawa hii inagusa ardhi kuliko kitu kingine. Mtambo wa Lubigi, pembezoni mwa Kampala, ulipofunguliwa mwaka 2014 ulijengwa kupokea mita za ujazo 400 za tope kinyesi kwa siku, mbali na majitaka ya bomba. Tope hutuamishwa kwenye matangi, kisha humwagwa juu ya vitanda vya mchanga na kokoto mpaka likauke, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Njia hii ni nzuri: haili umeme, haivunjiki, na mchanga hauhitaji vipuri kutoka nje. Inakula eneo. Kitanda kinachokausha tope kwa wiki nne kikikausha kwa wiki mbili, umepata kitanda cha pili bila kununua hata futi moja ya kiwanja. Masika yakikaza, wiki mbili zilizookolewa ndizo zinazoamua kama gari lililo getini litapokelewa au litarudishwa.

Dar es Salaam jambo hili ni la watu. Idadi kubwa ya wakazi wanatumia vyoo vya shimo na makaro, na bei ya kunyonya hupanda kwa umbali wa kwenda kumwaga. Mwenye nyumba asiyeweza kuilipa anawaita vyura, vijana wanaoshuka shimoni kwa miguu na ndoo, na kufukia tope kwenye shimo jingine palepale uani. Au anasubiri mvua kubwa na kutapisha: anatoboa ukuta wa shimo usiku, mafuriko yanabeba. Asubuhi watoto wanavuka maji hayohayo kwenda shule, na kipindupindu kinapoingia mtaani hatuna haja ya kuuliza kimetokea wapi. Dawa ya hali hii ni sehemu za kumwagia zilizo karibu na mitaa, kama mtambo mdogo ambao shirika la Kijerumani la BORDA lilisaidia kuujenga Mlalakuwa. Lakini nani ana ekari kumi za vitanda vya kukaushia katikati ya Mburahati? Mtambo wa mtaani lazima uwe mdogo, na mtambo mdogo hauwezi kusubiri chembe zizame zenyewe.

Hatari zipo na zisifichwe. Polima ikimwagika sakafuni na mtu akaimwagia maji, sakafu inateleza kiasi cha kuvunja mguu. Hufukiwa kwa mchanga au vumbi la mbao kwanza, ikazolewa. Akrilamaidi inayobaki bila kuungana ndani ya polima hafifu ni sumu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo cheti cha kiwango chake kidaiwe kwa muuzaji kabla ya malipo. Polima za chaji chanya zikiponyoka mtoni huganda kwenye mashavu ya samaki. Kloridi ya chuma hula chuma na ngozi. Maji yanayokamuliwa, hata yakionekana meupe, bado yamejaa amonia na vimelea, nayo lazima yaende bwawani kuchakatwa. Na tope lililokamuliwa likawa gumu la kushikika kwa koleo bado lina mayai ya minyoo ya mchango, ambayo huweza kuishi miezi mingi. Mkulima asilipeleke kwenye mchicha kabla halijahifadhiwa vya kutosha au kupashwa joto.

Katika zabuni za mitambo ya majitaka, mashine ya kukamua hutajwa kwa nguvu zake za umeme, upana wa mkanda na nchi ilikotengenezwa. Tope litakaloingia ndani yake hutajwa kwa mstari mmoja, aghalabu kwa namba iliyonukuliwa kutoka kitabu cha nchi nyingine. Utaratibu ugeuzwe. Kwanza ajiriwe fundi mmoja wa maabara na msaidizi mmoja. Wapewe bika, kikorogeo, mizani, tanuri dogo la kukaushia sampuli na ile silinda yenye karatasi. Vyote kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine moja. Wakae getini mwaka mzima, masika, kiangazi na vuli, wakichukua sampuli za vyoo vya stendi, makaro ya hoteli na mashimo ya uswahilini, na kuandika kila tope lilitaka dawa gani, gramu ngapi, na lilitoa maji kwa sekunde ngapi. Daftari hilo likabidhiwe kwa kila kampuni inayotaka kuuza mashine, na kampuni itakayoshinda ikamue tope la gari letu, mbele yetu, kabla ya hundi ya kwanza kusainiwa.